Naambiwa nishuhudie kwamba mwanangu amepona, na dawa bado nampa kwa kificho

Mchungaji, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wawili wapo na mmoja ametangulia. Naishi Mwanza, nauza nguo za mtumba. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa mwezi tunaonana siku chache.

Mtoto wetu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka tisa, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wanaouita sikoseli. Tulijua kwa njia mbaya. Mdogo wake wa kike alipata homa akiwa na miaka mitatu. Tukasema ni malaria, tukampa dawa tuliyonunua dukani. Siku ya tatu nikamwangalia viganja, havikuwa na damu kabisa. Tulifika hospitali saa nane usiku, akafariki kabla damu ya kumwongezea haijapatikana. Daktari akatuuliza kama nyumbani kuna mtoto mwingine, akasema tumlete apimwe. Ndivyo tulivyojua.

Tangu hapo mwanangu anahudhuria kliniki, anakunywa foliki na haidroksiyurea. Zamani maumivu yalikuwa yanamshika karibu kila mwezi, siku hizi hupita miezi. Ila yakija, yamekuja. Juzi juzi yalimshika magotini usiku. Hataki kuguswa, hata shuka hataki limpitie. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikaizungushia kanga, nikamwekea pembeni ya goti. Akaniuliza, "Mama, mimi nilimkosea nini Mungu?" Sikuwa na jibu. Nikajifanya naenda kuongeza maji.

Sasa nije kwenye kanisa. Nilipoolewa nilihamia kanisa la mama mkwe. Kina mama wa kikundi cha maombi wananipenda, siwezi kusema uongo. Binti yangu alipofariki walilala kwangu wiki nzima, wakapika, wakafua, wakanilazimisha kuoga. Lakini tangu mwaka jana mambo yamegeuka. Kiongozi wa kikundi alisema amefunuliwa kwamba upande wangu kuna laana ya ukoo, ndiyo inayokula damu ya watoto. Tumefunga, tumekesha, nimepakwa mafuta. Nimeambiwa nitoe sadaka ya kuvunja hiyo laana, laki tatu. Halafu ikatangazwa kwamba mtoto amepona kwa jina la Yesu, na kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu hatumwamini. Mama mkwe amelishika hilo neno. Anasema kwao ugonjwa huo haujawahi kuwepo, nimekuja nao mimi.

Mimi dawa sijaacha. Kopo nalificha ndani ya ndoo ya unga, nampa mtoto asubuhi bibi yake akiwa anaoga. Mtoto ameshajua kunyamaza. Inaniuma kumfundisha mtoto wa miaka tisa kuficha.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ni siku ya shuhuda na jina langu lipo kwenye orodha. Natakiwa nisimame naye madhabahuni niseme amepona. Nikikataa nitaonekana sina imani. Nikikubali nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu, na dawa nitampaje tena?

Jingine ni kwamba kuomba kumenishinda. Nikianza Baba Yetu, nikifika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama. Kama mapenzi yake ndiyo yale ya usiku ule hospitali, siwezi kuomba yatimizwe tena. Je, mimi bado ni Mkristo? Nimesikia mahubiri mengi kwamba mateso huleta tumaini. Kwangu yameleta uchovu.

Nina mwingine wa miezi kumi. Sijampima. Naogopa.

Mama aliyechoka, Mwanza

*

Marahaba, mama. Amina.

Dawa usiache. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri wiki, hili haliwezi.

Umesema mwenyewe, labda bila kukusudia, kwamba zamani maumivu yalimjia karibu kila mwezi na siku hizi hupita miezi. Hiyo ni kazi ya haidroksiyurea. Utafiti wa dawa hiyo kwa watoto wa Afrika wenye selimundu ulifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Foliki nayo ina sababu yake. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Ya mwanao huishi kama siku 10 hadi 20, kwa hiyo mwili wake uko kazini muda wote kutengeneza nyingine, na foliki huusaidia kazi hiyo. Dawa ikikatizwa hutaona kitu siku hiyo wala kesho yake. Utakuja kuona usiku, na usiku wa namna hiyo unaujua.

Ukimwona ana homa, kifua kinamuuma, anahema kwa shida, viganja vimepauka, tumbo limevimba upande wa kushoto iliko bandama, kichwa kinamuuma bila kutulia, au mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, ondoka naye hapo hapo. Anayetaka kuomba aombe mkiwa njiani. Kwa mtoto wa kiume kuna dalili nyingine ambayo kina mama wengi huona haya kuiulizia: uume kusimama muda mrefu huku unauma. Nayo ni dharura. Mwambie mwanao asikufiche, na wewe usimwonee haya daktari.

Je, vidonge ni kutomwamini Mungu? Mtume Paulo ndiye yule ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekewa wagonjwa wa Efeso wakapona, Matendo 19. Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hakumtumia leso, alimpa ushauri wa dawa. Katika waraka wa pili kwa Timotheo anasema, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Alimwacha mgonjwa akaendelea na safari, na hakuna mstari unaosema Trofimo alikuwa na imani haba. Aliyekuwa akisafiri na Paulo naye ni Luka, anayeitwa katika Wakolosai "tabibu mpendwa". Nabii Isaya alipomletea mfalme Hezekia habari kwamba Mungu atamponya, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Neno la uponyaji lilikuwa limeshatoka mbinguni, na dawa ikabandikwa vilevile. Sijui wanaokataza vidonge huzisoma vipi kurasa hizi.

Nije kwenye hiyo laana ya upande wako. Mtoto hupata selimundu akirithi vinasaba viwili vya ugonjwa, kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Mwenye kimoja tu kwa kawaida haumwi, anaweza kufika miaka themanini asijue kama anacho. Kwa hiyo huyo bwana wako dereva anacho, hata bila kumpima, na alikipata kwa baba yake au kwa mama yake. Mama mkwe anaposema kwao ugonjwa haujawahi kuwepo inawezekana anasema kweli, kwa sababu haukuonekana. Ulisubiri mpaka wabebaji wawili walipokutana.

Na kwa nini wabebaji ni wengi Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi? Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alichapisha matokeo ya kazi yake ya Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Pale malaria ilipokuwa ikiua watoto wengi, wenye kinasaba hicho walibaki, wakakua, wakazaa. Kwa hiyo kitu kinachoitwa laana kwenye kikundi chenu ndicho kilichowavusha babu na bibi zako, na wa mumeo pia, kwenye vizazi vya homa. Bei yake imemwangukia mwanao, na bei hiyo ni kali, silipunguzi hilo. Ila hakuna aliyelaaniwa hapo. Tanzania inakadiriwa huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Koo zote hizo zitakuwa zimetenda dhambi gani?

Laki tatu usitoe. Naamani, jemadari wa Shamu, alipopona ukoma alimletea Elisha fedha, dhahabu na mavazi, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyeona mali inapotea, akamkimbilia Naamani nyuma na kudai, na ule ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Ukitaka kuitumia hiyo laki tatu, itumie kwa vipimo, nauli za kliniki, na vyandarua viwili vyenye dawa.

Swali la mwanao ni la zamani. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa, wanamuuliza Yesu, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Wanamuuliza mbele ya mtu mwenyewe, naye hakuwa kiziwi, alikuwa anasikia. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Hilo ndilo jibu la mtoto wako. Usimwongezee maelezo mengi. Siku akiwa mzima, mnachambua maharage au mko njiani kwenda shule, mwambie: lile swali ulilouliza usiku ule, Yesu aliulizwa, akasema hapana. Akikuuliza, basi kwa nini naumwa, mwambie habari ya damu, atakuelewa, watoto wa kliniki wanaelewa kuliko tunavyodhani. Akiuliza kwa nini Mungu hajaiondoa, mwambie hujui, na kwamba wewe pia unamuuliza Mungu hilo hilo. Mtoto anaweza kukaa na "sijui" ya mama yake. Kinachomtesa ni ule ukimya, kwa sababu ataujaza mwenyewe na atajitia hatiani.

Nimekuwa mchungaji wa hospitali kwa miaka mingi, na kitabu nilichokifungua kuliko vyote wodini ni Ayubu, ingawa watu wengi hukijua mwanzo na mwisho tu. Mwanzo: alipoteza mali, watoto kumi, na afya. Mwisho: alirudishiwa. Katikati kuna zaidi ya sura thelathini ambazo Jumapili hazisomwi sana, na humo Ayubu analalamika, anailaani siku aliyozaliwa, anamtaka Mungu waende hukumuni. Marafiki zake wanamkemea. Wanamtetea Mungu vizuri sana, kwa maneno unayoyajua: kuna dhambi mahali, tubu, ungama, Mungu hamtesi mtu bure. Halafu katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anasema na mmoja wao, Elifazi: "Hasira zangu zinawaka juu yako, na juu ya hao rafiki zako wawili, kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu."

Soma hapo mara mbili. Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa. Waliomtetea Mungu kwa kumtia mgonjwa hatiani ndio walioambiwa walete dhabihu na waombewe, na wa kuwaombea ni huyo huyo mgonjwa.

Lakini wale marafiki walianza vizuri. Walipofika hawakumtambua, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Walikosea walipofungua midomo kueleza sababu. Wewe umeishi kitabu hicho kizima na watu wale wale: wiki ile kina mama walipolala kwako, wakafua nguo, wakakulazimisha kuoga, walikuwa kanisa kuliko Jumapili nyingine yoyote. Baadaye wakaanza kueleza. Usiitupe ile wiki kwa sababu ya haya yaliyokuja. Nina hakika miongoni mwao wapo wawili watatu ambao hawakulipenda hilo la vidonge, wameogopa tu kusema.

Kwa hiyo kuhusu siku ya shuhuda: usisimame. Uponyaji wa kweli hauhitaji mama aseme uongo ili ukamilike, na wale kumi wenye ukoma katika Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua kama mtu ametakasika kweli. Mtoto akiitwa mzima mbele ya kanisa zima, kila atakapoumwa tena itakuwa aibu yake: atajiona ndiye aliyeiharibu imani ya watu. Usimtwike hilo.

Usingoje Jumapili yenyewe. Nenda kwa mchungaji wa kanisa mwenyewe, siku ya kazi, na usiende peke yako. Mumeo akiwa mjini nendeni wote, asipokuwepo mchukue mmoja wa wale kina mama. Sema maneno machache: "Mchungaji, mtoto bado yuko kwenye matibabu. Naomba jina langu litoke kwenye orodha, na naomba mwendelee kutuombea." Usibishane mistari, usimshitaki kiongozi wa kikundi. Wachungaji wengi hawajui kinachosemwa kwenye vikundi vyao, na wengine wakijua hushtuka. Akikuelewa, umepata mlinzi, mwombe azungumze na kikundi. Naye akikuambia uache dawa, basi mama, hapo pana mlango, toka. Rudi kwenye kanisa la wazazi wako au tafuta lingine lenye watu wanaoomba na kupeleka mgonjwa hospitali. Kuhama kanisa ili mtoto aishi si kumhama Kristo.

Unauliza kama bado ni Mkristo, kwa kuwa unakwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Hata aliyetufundisha maneno hayo, kwake pia yalikuwa mazito kinywani. Gethsemane aliwaambia wenzake, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Akaanguka kifulifuli, na ombi lake lilianza hivi: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Alirudi kuomba mara tatu. Wewe unajilazimisha kufika mwisho wa sala bila kupita katikati yake. Mwambie Mungu kwanza kwamba hukitaki hiki kikombe. Mwambie habari ya ile saa nane usiku, na damu ambayo haikupatikana. Usiipambe. Ukiishia hapo, umeomba. Ipo Zaburi ya 88, mwandishi wake analia toka mwanzo na inamalizika kwa giza, haina mstari wa kufarijiana mwishoni kama nyingine, na waliokusanya Biblia hawakuiondoa. Siku ambazo huna maneno yako, soma hiyo kwa sauti.

Yupo pia baba mmoja katika Marko 9, mwenye mtoto aliyeugua tangu utotoni, aliyekuwa amechoka kama wewe. Yesu alipomtaka aamini, alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakufukuzwa akajipange kwanza.

Hilo la mateso kuleta tumaini linatoka Warumi 5, na huhubiriwa kwa haraka mno. Paulo anasema "dhiki, kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo, na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini." Angalia tumaini liko wapi: mwisho kabisa. Wewe unajiona umeshindwa kwa sababu unajitafutia kitu cha mwisho wa safari ukiwa umetembea robo yake. Kwenye hatua ya saburi mtu anaonekana hivi hivi ulivyo: amechoka, anachemsha maji usiku, anahesabu vidonge, tarehe ya kliniki haimpiti. Paulo mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba wake, haukuondolewa, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Siwezi kukuahidi kwamba mwanao ataponywa kabisa. Huenda. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu tangu 2023, ingawa si kila mtoto anafaa na kwanza apatikane ndugu anayeoana naye. Ninachoweza kukuambia bila kusita ni kwamba Kristo tunayemhubiri alifufuka na makovu yake, akamwonyesha Tomaso mahali pa misumari. Tumaini letu halikuanza kwa mtu ambaye hakuumia.

Na binti yako. Umemwandika kwa mistari michache, nadhani kwa sababu kila mtu amehamia kwa kaka yake. Mwisho wa kitabu cha Ayubu kuna hesabu ambayo watu hupita juu juu. Kondoo alikuwa nao 7,000, akarudishiwa 14,000. Ngamia 3,000, wakawa 6,000. Kila kitu mara mbili. Watoto walikuwa kumi, na alipata kumi wengine. Kwa nini si ishirini? Wapo wahubiri waliolisoma hivi: ngamia aliyekufa amekwisha, ndiyo maana analipwa mara mbili, wale kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea, bado ni watoto wa Ayubu, wako kwa Mungu. Kwa hiyo walikuwa ishirini. Wewe umeanza barua yako hivyo hivyo: "mama wa watoto watatu". Endelea kuhesabu hivyo, na mtu akikwambia una wawili msahihishe. Na tafadhali usijihukumu kwa ile dawa ya dukani. Ulimtibu mtoto mwenye homa kwa kile ulichokijua, kama wanavyofanya wazazi wengi wa Mwanza homa ikiingia nyumbani. Hukuwa umeambiwa.

Kuhusu nyumbani, mwambie mumeo kila kitu akirudi safari hii, pamoja na ndoo ya unga. Mama yake ni wa kwake kuzungumza naye, wewe mkwe ukisema hilo la vinasaba itaonekana unamrudishia lawama. Kisha, tarehe ya kliniki ikifika, mwombe bibi awasindikize. Mwambie mgongo unakuuma, unahitaji wa kukusaidia kubeba mdogo. Akae pale kwenye benchi asubuhi moja, aone watoto wa kila kabila na kila dini wakisubiri kutolewa damu, amsikie muuguzi kwa masikio yake. Mabibi wengi hubadilika hapo wenyewe, tena wakawa wakali wa dawa kuliko mama wa mtoto. Kopo likishatoka kwenye unga, mwambie mwanao wazi kwamba ulificha kwa sababu watu wazima walikuwa hawajaelewana, na kwamba dawa yake haikuwahi kuwa kitu cha aibu.

Yule wa miezi kumi mpeleke wiki hii. Kwa wazazi wabebaji, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Mitatu kati ya minne hana, ingawa anaweza kuwa mbebaji. Akikutwa hana, utalala. Akikutwa nao, ataanza penisilini ya kila siku, ambayo hutolewa mpaka miaka mitano kuwakinga wadogo na maambukizi makali ya bakteria, atapata foliki na kinga ya malaria, nawe utafundishwa kupapasa bandama kwa vidole. Dada yake hakupata hata kimoja katika hivyo, kwa sababu hakuna aliyejua. Muombe mama mmoja wa kikundi, yule aliyekulazimisha kuoga, aje akushike mkono mkisubiri majibu. Mkitoka na karatasi, niandikie imesemaje.